Kompyuta ya Miaka ya Tisini: Kipi Kinaongezeka, Kipi Kinagoma

Ukiniletea kompyuta ya Pentium ya mwaka 1996 iliyokaa stoo ya ofisi hapa Mtwara na kuniambia niiongezee nguvu, sitaanza kwa kukuuliza una shilingi ngapi. Nitakuuliza inagoma wapi. Watu wengi hukimbilia prosesa (ubongo wa kompyuta, kama hiyo Pentium) kubwa kuliko zote inayoingia kwenye soketi, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) nyingi kuliko zote na diski kubwa kuliko zote, kisha wanashangaa mashine imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Si uchawi. Kompyuta ya zamani ina dari nyingi, kila sehemu na dari yake, na dari hizo hazikujengwa usawa mmoja. Ukiinua moja bila kujua iliyo chini zaidi ni ipi, umetupa hela.

Wapenzi wa kompyuta za kale huko Ulaya na Marekani hupenda kuanzia IBM PC ya Agosti 1981, yenye Intel 8088 ya MHz 4.77. Huku kusini hiyo huikuti kirahisi. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 iliyofungwa Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo lilipokuja kulegezwa, wenzetu walikuwa wameshafika mbali. Ndiyo maana kinachotoka kwenye stoo za ofisi, shule na misheni za Mtwara na Lindi ni 486 chache, zilizotangulia Pentium, na Pentium nyingi, na hizo Pentium ndizo nitakazozishughulikia hapa.

Halafu kuna ubishi wa kipuri kipi ni halali. Wenye msimamo mkali wanasema mashine ya 1996 iwekewe vitu vya 1996 tu. Mimi nasema kipuri cha zama zake ni kile ambacho mwenye mashine angeweza kukiweka wakati bado iko mezani inafanya kazi. Na kwetu muda huo ulikuwa mrefu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la Dar lilisubiri kivuko pale Rufiji, na masika ikikolea safari ilikuwa majaliwa. Kompyuta iliyoweza kufika Mtwara haikuachwa baada ya miaka mitatu. Ilichapa barua na orodha za mishahara mpaka ikashindwa yenyewe. Kwa hiyo prosesa ya 1999 kwenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ya 1997 sioni kwamba ni udanganyifu.

Kabla hujawasha

Mashine iliyokaa miaka isiunganishwe na umeme kwanza. Nyuma ya pawa saplai, karibu na tundu la waya, nyingi zina kiswichi kidogo, mara nyingi chekundu, kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani huzidisha mara mbili umeme unaoingia, kwani ndivyo inavyotakiwa ifanye kwa umeme wa Marekani. Ukiipa 230 yetu, zile kapasita mbili kubwa zilizotengenezwa kubeba kama volti 200 kila moja zinajikuta zimebebeshwa zaidi ya 300. Kitakachofuata utakisikia, na majirani pia. Kipande cha utepe wa gundi juu ya kiswichi hicho, kikiwa kimeshaelekezwa 230, kinazuia mtoto mdadisi asikirudishe.

Fungua kesi. Kwa huku pwani ndani hutakuta vumbi tu. Mijusi kafiri wanapenda joto la pawa saplai, na mayai yao meupe utayakuta yamebanwa kwenye kona ya bati au ndani kabisa ya tundu la kadi. Yatoe kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi. Tazama pia mabati ya nyuma ya kadi: yakiwa na kutu ya rangi ya chai, ujue chumvi ya bahari imeshafika na kwenye pini.

Kwenye mazabodi za 386 na 486 kuna hatari nyingine, betri ndogo ya mviringo iliyochomelewa moja kwa moja, mara nyingi ya buluu au kijani. Ni ya nikeli na kadimiamu, na ikizeeka huvuja majimaji yanayokula njia za shaba. Ikate hata kama inaonekana nzima. Majimaji yale ni alkali, siyo asidi, hivyo siki au maji ya ndimu kwenye mswaki mkuukuu ndiyo yanayoyaua. Kisha suuza kwa spiriti na uache pakauke vizuri. Pentium nyingi zinatumia CR2032 ya duara, ambayo duka lolote la saa linayo. Chache zina chipu nyeusi nene iliyoandikwa Dallas, ambayo betri yake imefungiwa ndani na ilikusudiwa idumu kama miaka 10. Hiyo imeshakufa. Kama imekaa kwenye kitako chake, inachomolewa na kubadilishwa. Kama imechomelewa, tafuta fundi mwenye mkono mtulivu.

Jambo moja zaidi la umeme. Kesi za aina ya AT, zilizotangulia ATX ya mwaka 1995, zinapeleka umeme kwenye mazabodi kwa plagi mbili, P8 na P9, zinazofanana kiasi cha kubadilishana nafasi. Kanuni yake ni fupi: nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Ukizigeuza, mazabodi imekwenda.

Ramu, na mtego wa MB 64

Ramu ndiyo inayoleta nafuu ya haraka, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote.

Pentium inasoma kumbukumbu kwa upana wa biti 64 kwa mkupuo. Ramu ya pini 72, ile inayoingizwa kwa kuinamishwa kisha ikainuliwa mpaka vishikizo vya pembeni vilie, ina upana wa biti 32. Ndiyo sababu kwenye Pentium zinakaa mbilimbili, pacha zinazolingana ukubwa na kasi. Ukiweka moja, mashine nyingi zinalia mlio wa kulalamika au zinakaa kimya kabisa. 486 yenyewe ina upana wa biti 32, kwa hiyo moja inatosha. Ukirudi kwenye ramu za pini 30, zenye biti 8 tu, 486 inataka nne. Ile ndefu ya pini 168 ina biti 64 kamili na inajitegemea. Vishikizo vikiwa vya plastiki kuukuu, visukume kwa kucha taratibu, kwani vikivunjika ramu haitakaa tena sawasawa.

Windows 95 ilitolewa ikisemekana inaweza kukaa kwenye MB 4. Inakaa kweli, ila kazi haifanyiki. Kwenye MB 8 au 16, ukifungua Word halafu na kitu cha pili, utasikia diski inakoroma mfululizo: nafasi imeisha kwenye ramu, na Windows inahamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, kuvihamisha na kuvirudisha. Ipandishe kutoka 16 hadi 64 na mkoromo ule unanyamaza. Mwenye mashine ataapa kwamba umembadilishia prosesa.

Kwa nini basi usiende 128 kabisa? Hapa ndipo mazabodi nyingi zinapomgeuka mtu. Kati ya prosesa na ramu kuna kashe, kumbukumbu ndogo ya KB 256 au 512 yenye mwendo mkali, iliyowekwa kwenye mazabodi. Kazi yake ni kutunza nakala za vile vinavyoombwa mara kwa mara, ili prosesa isisubiri ramu kila saa. Ili ijue nakala hii imetoka sehemu ipi ya ramu, kashe inatunza kipande cha anwani kwenye chipu ya pembeni, na chipu hiyo ina biti chache. Katika chipseti (chipu za mazabodi zinazoongoza ramu na kashe) 430FX ya mwaka 1995, 430VX ya 1996 na 430TX ya 1997, Intel iliweka mpaka kwenye MB 64. Anwani yoyote iliyo juu ya hapo, kashe haiijui. BIOS, programu ya mazabodi inayoamsha mashine, itaihesabu ramu yako yote 128 na wewe utatabasamu, lakini nusu ya juu inasomwa kwa mwendo wa ramu tupu.

Sasa ongeza tabia ya Windows 95 na 98: zinajipanga kutokea juu ya ramu kushuka chini. Zile sehemu zake zinazotumika kila sekunde ndizo zinazoangukia kwenye nusu isiyo na kashe. Umelipia ramu ili mashine itambae.

Iliyosalimika ni 430HX ya mwaka 1996. Ikiwekewa chipu ya ziada ya anwani, kashe yake inafunika mpaka MB 512. Cha ajabu 430TX iliyokuja baada yake, yenye kupokea hata ramu za SDRAM, ikarudi kwenye 64. Kwa hiyo usinunue ramu kabla hujajua mazabodi yako ni ipi. Chukua tochi na kioo cha kukuza, tafuta chipu kubwa ya mraba yenye jina la Intel karibu na ramu, usome namba yake: 82439HX, 82437VX, 82437FX au 82439TX. Herufi mbili za mwisho zinakupa jibu zima.

Kuna kitu kimoja kuhusu ramu ambacho mtu wa bara anaweza kukipuuza, sisi wa pwani hatuwezi. Miguso ya ramu za pini 72 ni ama ya dhahabu ama ya bati, yaani njano au fedha, na soketi zake vilevile. Watengenezaji walishauri dhahabu ikutane na dhahabu na bati ikutane na bati, kwa sababu zikichanganywa, oksidi ya bati inajijenga juu ya dhahabu na mguso unafifia. Unyevu unaharakisha mambo. Mashine inayowaka leo, kesho inagoma, keshokutwa inawaka tena, mara nyingi ugonjwa wake uko hapo. Ifute miguso kwa kifutio cha penseli, kisha spiriti.

Prosesa: volti kwanza, kasi baadaye

Kasi ya Pentium ni zao la namba mbili: mwendo wa njia ya mazabodi, na kizidisho. Njia ya MHz 66 mara 2 ndiyo hiyo Pentium 133, mara 2.5 ni 166. Mara 3 ni 200. Namba zote mbili zinapangwa kwa jampa, vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini. Jedwali lake mara nyingi limechapwa kwenye mazabodi yenyewe kwa maandishi madogo sana. Lipige picha kwa simu, na mpangilio uliopo upige picha pia, kabla hujagusa hata kimoja.

Zingatia kwamba Pentium 120 na 150 zinatembelea njia ya 60, na njia hiyo inaathiri ramu, kashe na hata kadi za nyongeza za PCI, ambazo zinakwenda kwa nusu yake. Kuhama kutoka 150 kwenda 166 kunaonekana ni MHz 16 tu, kumbe umeinua mashine nzima.

Hatua inayotamaniwa na wengi ni Pentium MMX, iliyotoka Januari 1997. Ina kashe ya ndani ya KB 32 badala ya 16, kwa hiyo hata kwa kasi ileile inaitangulia ya kawaida. Lakini inataka volti mbili tofauti: 2.8 kwa ajili ya kiini na 3.3 kwa mawasiliano na nje. Pentium ya kawaida inatumia volti moja tu, kama 3.3, kwa vyote. Mazabodi nyingi za 1995 na 1996 haziwezi kugawa. MMX itaingia kwenye tundu bila tatizo, kisha itapikwa. Tafuta kwenye mazabodi jampa za volti zenye 2.8, kama hazipo, una njia mbili. Ama kiungo maalumu kinachokaa chini ya prosesa na kushusha volti chenyewe, ama Pentium OverDrive yenye MMX, ambayo Intel iliiuza kwa ajili ya mashine za namna hiyo hasa.

Kuna siri ndogo ninayoipenda. Pentium MMX ya 233 inataka kizidisho cha 3.5, na mazabodi za 1996 hazina kitu hicho kwenye jedwali lao, basi watu wanaiacha. Hawana sababu. Intel iliitengeneza 233 iusome mpangilio wa 1.5 kama 3.5. Weka jampa za 1.5 na mashine itawaka na 233, hata kama BIOS itaandika namba ya ajabu kwenye skrini.

Na ile prosesa ya 1999 niliyoitaja mwanzo? Ni K6-III ya AMD, mshindani wa Intel. Yenyewe ina KB 256 za kashe ya pili ndani yake, kwa hiyo ule mtego wa MB 64 unapoteza makali: prosesa inatunza nakala zake bila kuitegemea chipu ya mazabodi. Ila kiini chake kinataka volti 2.4 au 2.2, na hizo hupatikana kwenye mazabodi za Socket 7, soketi ya Pentium hizi, zilizochelewa. Joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili halitaihurumia, kwa hiyo feni ya zamani inayokwaruza ibadilishwe palepale, na grisi ya joto iliyokauka ikwanguliwe na kupakwa upya.

Diski

Diski za umri huu zikipatikana zima ni bahati, na ukiipata kubwa unakutana na dari za BIOS. BIOS za zamani zilihesabu silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, kila sekta baiti 512. Zidisha: MB 528 na kidogo. Hapo ndipo 486 nyingi zinapoishia. Mpangilio wa LBA ukaruhusu vichwa 255, tukafika GB 8.4. Baada ya hapo kuna kizuizi cha GB 33.8 kinachozikumba BIOS nyingi za kampuni ya Award zilizoandikwa kabla ya katikati ya 1999. Hizo zikikuta diski kubwa zaidi zinaganda pale zinapoitambua, na utadhani diski ni mbovu. Baadhi ya diski zina jampa ya kuzifanya zijitangaze kuwa ndogo. Itumie bila aibu.

Windows nayo ina mpaka wake. FAT16, mpango wake wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, haivuki GB 2 kwa kipande kimoja, na kipande kikiwa kikubwa hivyo, kila faili linachukua angalau KB 32, hata barua ya mistari mitatu. FAT32, mpango mpya usio na mpaka huo, iliingia na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996. Ukiwa na toleo la kwanza, gawa diski vipande.

Wengi sasa wanaweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash mahali pa diski, na kiungo cha kuibadilisha iwe IDE, njia ya kuunganisha diski za mashine hizi. Wenye msimamo mkali wanakunja uso. Lakini SanDisk iliitoa kadi hiyo mwaka 1994, na imetengenezwa iongee IDE tangu siku ya kwanza, hivyo kiumri imeizidi hata hiyo Pentium ya 1996. Utakachopoteza ni ule mkoromo tu.

Kadi za sauti na picha nitazipitia haraka. Sound Blaster 16 ya mwaka 1992 ndiyo chaguo la busara, kwa kuwa karibu kila mchezo wa DOS unaitafuta kwa jina. Ikae kwenye anwani 220, IRQ (namba ya kuita prosesa) 5, DMA (njia ya kupeleka data) 1. Usiipeleke IRQ 7, kwa sababu printa inaishi huko na kadi za ISA, za tundu la kizamani kama hii, hazijui kugawana. Upande wa picha, kadi yoyote ya PCI ya S3 Trio64 inatosha kazi za ofisi na michezo mingi. Voodoo ya 3dfx ya 1996 ni nzuri mno, lakini bei wanazotaja wauzaji siku hizi ni za watu wasiolipa ada za shule.

Mwendo unapozidi

Dari nyingine iko juu, kwenye programu zenyewe. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, zikiwemo zile za mafunzo zilizowahi kuzagaa vyuoni, zinapoanza hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu. Prosesa ikivuka kama MHz 200, hesabu inazidi kipimo, programu inagawanya vibaya na kufa na ujumbe wa kosa namba 200. Windows 95 nayo inaanguka wakati wa kuwaka kwenye AMD K6-2 za MHz 350 na kuendelea, mpaka iwekewe kiraka. Kama mashine unaitaka kwa ajili ya faili za zamani za Pascal, Pentium 133 au 166 inakutosha, na hela ya 233 nunulia monita.

Kutafuta vipuri

Kuanzia hapo ni kutafuta. Pita kwa mafundi wa kompyuta wanaotunza mabaki chini ya meza, na uliza minada ya vifaa chakavu vya ofisi kabla haijafungwa. Wawahi wanunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu Pentium zenye mgongo wa kauri zinanunuliwa kwa kilo kwa ajili ya dhahabu iliyomo, na zikishaingia kwenye gunia la kwenda Dar hazirudi. Kariakoo bado kuna vibanda vyenye ramu za pini 72, ila muuzaji hatakubali uzijaribu, kwa hiyo zitazame rangi ya miguso na namba za chipu, na ukikuta mbili zinazofanana zichukue zote mbili kwa pamoja. Ukirudi nazo nyumbani badilisha kitu kimoja, iwashe, iache iende saa kadhaa, ndipo uguse kingine.